Mti wa Bay Leaf na Mashati ya Baba Neema

Jumamosi, Hyattsville, Marekani. Baridi inauma tangu asubuhi, na jua limetoka kwa jina tu.

Shajara yangu, leo nimekaa nje nikiutazama mti wetu wa bay leaf ukifa. Marehemu mume wangu aliupanda nyuma ya nyumba, pale ukutani mashine ya kukaushia nguo inapotolea hewa. Jirani alimwonya kwamba mti huu hauiwezi baridi ya huku. Akacheka tu. Baba Neema alikuwa mbishi.

Ukakua mpaka ukanipita kimo. Majani yake tuliyatia kwenye pilau na maharage, mengine tukayaweka kwenye ndoo ya unga kufukuza wadudu. Nikishikwa na mafua, aliyachemsha, akanifunika shuka na kuniamuru nijifukize. Nami nilikuwa nalalamika kama mtoto.

Alifariki majani ya miti mingine yakianza kupukutika. Sasa huu nao umegeuka kahawia kuanzia juu. Nimeufunga blanketi, nimeuombea. Nilidhani nao unaomboleza.

Mwanangu Neema, aliyekuja leo kutoka chuoni College Park, ndiye aliyeng'amua. Alitia mkono kwenye tundu la mashine ya kukaushia, pale ukutani, akakuta baridi.

"It's the dryer, Mama," akasema. "Baba alikuwa anafua every day."

Kweli. Alifanya kazi ghalani, na kila jioni alifua na kukausha nguo zake za kazi. Joto la mashati yake ndilo lililoulea mti ule miaka yote. Mimi peke yangu nafua mara moja kwa wiki, tena vitu vichache.

Na mashati yake ya mwisho sijayafua. Yamo kapuni, chini ya kitanda. Huwa nayanusa kabla sijalala.

Sijamwambia mtu.

Neema alikwangua gome karibu na udongo, akaona bado kuna ukijani. Ningeweza kukausha mataulo tu, joto ni lile lile. Lakini nilimsikia Baba Neema akinicheka: mwanamke mzima analinda jasho huku mti unakufa.

Nimeyafua mashati yake yote. Mashine ya kukaushia ilipoanza kuvuma, nikatoka nikasimama kando ya mti. Hewa moto ikatoka, majani yakatikisika, nikavuta pumzi.

Sabuni tu.

Nimelia pale pale, Neema amenishika bega. Kesho nitafua tena. Nguo za nani, sijui.