Vitanda Visivyo na Mgeni

11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. U mzima? Goti linasemaje? Huku hatujambo, ila mafua yametuzungukia nyumba nzima kama mtoza ushuru. Simu hutaki, unasema inameza maneno, basi pokea karatasi.

Nina habari ya kukufurahisha. Siku hizi kila Jumamosi tunakwenda kujitolea kwenye nyumba ya wazee nyuma ya mtaa wetu, sote wanne. Nilimsimulia baba watoto tulivyokuwa tukifanya mimi, wewe na marehemu baba: saa ya kuona wagonjwa mnaingia wodini, mnaangalia kitanda gani hakina mgeni, mnakwenda hicho. Mnamwamkia mtu kama mnajuana toka zamani. Nasi tunafanya hivyohivyo. Baba watoto anabadilisha balbu na kukaza miguu ya vitanda. Mjukuu wako mkubwa anawasomea wazee gazeti, na mdogo wake, Kasuku wetu, anamsahihisha, naye hata kusoma hajui!

Mimi nimeangukia kwa bibi mmoja wanayemwita Bibi Redio kwa kuwa hazimiki. Namchana nywele, namkata kucha. Macho yamepungua, na kumbukumbu zinakuja na kuondoka. Ana binti mmoja, yuko mbali, kila mwaka anaandika atakuja mwakani. Jumamosi iliyopita bibi alinishika mkono akaniita, "Mwanangu, umerudi?" Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nikaitika, "Abee, mama." Ungeona alivyofurahi!

Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Mwakani, Mungu akipenda, tutakuja.

Mwanao wa pekee


9 Machi

Wa pekee wangu,

Marahaba, tena marahaba. Mimi mzima. Goti limeninunia, nami nimelinunia. Wajukuu wape busu, Kasuku mwongeze moja kwa kusahihisha asichokijua. Huyo ni wa kwetu.

Barua yako niliposoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikanuna. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lo! Kumbe nilikuwa namlelea Bibi Redio. Yeye anachanwa na binti yangu, mimi nachanwa na upepo. Nina wivu, nakwambia bila kuzunguka. Ni wivu wa kijinga, mwanamke mzima kumwonea kikongwe asiyeona vizuri, lakini ndio nilio nao.

Na hilo la kuitika, hapana. Sisi tuliwaambia wagonjwa ukweli: tu wageni. Baba yako alikuwa mkali hapo. Mtu ana mwanawe, hata kama haji. Nafasi ile ina mwenyewe, usiikalie.

Mwakani, mwakani. Huyo mwakani hana miguu?

Mama yako, mwenye wivu


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi wazima, ila mimi umenichoma.

Unadhani napenda kusema mwakani? Kazini ruhusa wanaipima kwa kijiko, safari yenyewe inaimalizia njiani. Jumamosi zikifika mikono yangu inataka kwenda kwako, haina njia, inakwenda kwa yule bibi. Kumchana yeye ni kukuchana wewe. Ukinikataza hilo, nibaki na nini?

Ananiita, naitika. Sioni nimemwibia nani.

Mwanao


16 Juni

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Sijapata jibu. Sijui barua imepotea au umeninunia kama goti. Kama ni kununa, nuna kwa maandishi. Neno moja tu.

Mwanao


4 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, popote ulipo ndani ya huo ukimya wako. Sina la mzaha leo.

Binti wa Bibi Redio amekuja. Aliingia na begi lake begani, mimi nikiwa namchana mama yake. Akapiga magoti, akasema, "Mama, nimerudi." Bibi akampapasa uso, akamwuliza kwa adabu, "Karibu, mgeni. Umetokea wapi?" Kisha akanivuta mimi. "Mwanangu ni huyu. Alisharudi kitambo."

Nikamwambia, "Bibi, mimi si mwanao. Mwanao huyu hapa." Alicheka! Akamwambia yule dada nisamehewe, naona haya mbele ya wageni.

Yule dada alitoka nje akalia ameegemea ukuta. Nikamfuata kumwomba radhi. Angenitukana, ningepona. Aliniuliza tu, "Anapenda achanwe vipi?" Basi nikamwonyesha, mama. Nilimfundisha mtu kumchana mama yake mwenyewe, naye anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Ulisema nisiikalie nafasi ya mtu. Sikusikia. Tangu siku ile sina raha. Ni nani anayekaa na wewe? Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao


1 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Futa machozi kwanza, ndipo usome.

Barua zako zote zimefika. Sikununa, niliona haya. Goti limenikatalia kabisa. Tangu mvua za mwezi wa nne sitoki kitandani bila kushikwa. Ningekwambiaje, mimi niliyezoea kwenda kwa wengine?

Jumamosi wanakuja kwangu mke wa fundi viatu, mumewe na watoto wao wawili. Ni watu wa kujitolea, hatuna undugu. Mume anachota maji na kugongagonga kila kinacholegea. Watoto wanafagia huku wakigombania ufagio. Mke ananiogesha na kunisuka. Ana mkono mwepesi, siwezi kumsingizia. Ananiita mama. Mimi namwita mke wa fundi, kwa ukaidi tu, na yeye anacheka.

Juzi walichelewa. Nikajikuta nimetega sikio mlangoni tangu asubuhi, na roho juu. Alipoingia ameloa chapachapa, neno "mwanangu" likafika ulimini. Nikalimeza. Lilikuwa gumu kumeza, sitakuficha.

Kichwa changu bado kizima, nakujua wewe ni nani. Ila moyo haungoji ruhusa ya kazini, unampenda aliyepo. Yule dada simlaumu, na wewe sikulaumu, na huyu mke wa fundi Mungu ambariki. Lakini nina mmoja tu niliyemzaa, nami namtaka.

Usiniletee kitu. Kama wanne ni wengi, njoo peke yako. Njoo kabla sijazoea.

Mama yako