Msomaji wa Pili

Mwalimu, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi ambao ni mke wangu na mbuzi wawili, natangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita mimi, Gervas, uliyekuwa ukiniita Bwana Haraka, ninavaa miwani. Ina kamba ya kuning'inizia shingoni. Kamba ni ya zambarau, kwa sababu dukani hazikuwepo nyingine. Mke wangu anasema nafanana na katibu kata aliyestaafu kwa lazima. Mbuzi hawajatoa maoni.

Najua ungecheka mpaka ukohoe. Halafu ungeacha kucheka ghafla, kama kawaida yako, uniulize, "Umepimwa na nani?" Kwako jibu la mtu mmoja halikuwa jibu, hata kama mtu huyo alikuwa wewe.

Tangu tukuzike pale Kirushya, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, masika mawili yamepita. Mkeo, Mama Skolastika, hajambo. Kiti chako bado kipo barazani na amekataza mtu yeyote kukikalia, isipokuwa kuku mmoja mweupe ambaye ameshindikana. Na wakimbizi wamekuja tena, Mwalimu. Si wale Wanyarwanda wetu wa enzi za mahema. Safari hii ni Warundi. Mabasi yanawapitisha hapa na magodoro juu, sufuria zikigongana, na watoto wenye homa. Homa ni zile zile. Nikiwaona nakumbuka hema letu la maabara, na wewe umeinama kwenye hadubini na kofia yako ya sufi, jua linawaka nje.

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Ndilo lililonikalisha hapa. Nilikusudia kuanza nalo, nikajikuta naandika habari za kamba ya miwani. Unanijua. Nitalifikia.

Kwanza nikueleze kilichonifikisha kwenye miwani. Chama chetu cha wataalamu wa maabara, kile ulichokuwa unalipia ada bila kukosa na kulalamika bila kukosa, kimeanzisha mpango wa ulezi mtandaoni. Maana yake ni kwamba mwanachama mzee anamlea mwanachama kijana kwa simu, bila kuonana. Simu yenyewe si ile yako ya tochi. Ni hizi za kupangusa kwa kidole. Usicheke. Inafanya kazi.

Unaanza kwa kujaza fomu humo humo kwenye simu. Wanauliza umefanya kazi miaka mingapi, unaweza kufundisha nini, una nafasi saa ngapi. Halafu kuna kisanduku kinauliza: Wewe mlezi ungependa kujifunza nini? Nikakiacha wazi. Simu ikakataa kupokea fomu. Nikaandika "hakuna". Kesho yake mratibu wa mpango akanipigia, binti mwenye sauti ya adabu kupindukia, akasema, "Mzee wangu, hapa umeandika hakuna. Nikusaidie kufikiri?" Nikaona aibu, nikaandika: kutumia simu.

Baada ya hapo kamati inakaa na kuwapanga wawili wawili. Mnapelekewa makubaliano ya miezi sita: mtazungumza kila baada ya wiki mbili, jina la mgonjwa halitajwi, na yanayosemwa kati yenu hayatoki. Ikitokea hamuelewani, yeyote kati yenu anabonyeza mahali, anaomba apangiwe mwenzi mwingine, wala haulizwi sababu. Mwishoni kila mmoja anampima mwenzake. Ndiyo, na kijana anampima mzee. Ungependa hilo.

Ila kuna kitu kimoja kingekusimamisha kwenye kiti. Kila wiki wanatutumia picha ya slaidi moja ya damu, mimi na mlelewa wangu, picha ile ile. Kila mmoja anasoma kivyake na kutuma jibu. Jibu la mwenzako hulioni mpaka umetuma la kwako. Kile kipande chako cha boksi, Mwalimu, kile ulichokibana kwa kibanio cha nguo juu ya safu yako ya daftari ili nisione ulichoandika, wamekitia ndani ya simu. Na hakifunuki. Nilijaribu. Nilibonyeza kila mahali panapobonyezeka.

Ndipo nikakosa slaidi mbili mfululizo, nikajua macho yangu yamechoka, nikaenda kupimwa. Hiyo ndiyo asili ya miwani.

Mlelewa wangu anaitwa Editha. Ni Msubi wa Biharamulo, kijana wa mwaka wake wa pili kazini, na yuko kwenye zahanati moja wanapopokea Warundi. Ana maswali kama mvua ya mawe. Ananiita Baba. Kila Jumamosi ya zamu yetu ninapanda kilima cha nyuma ya shule hapa Kibimba, maana chini mtandao unakata, nakaa kwenye jiwe, na wachunga mbuzi wanakusanyika kumtazama mzee anayezungumza na mkono wake. Editha akitokea kwenye kioo huanza na salamu ndefu, shikamoo mbili, halafu, "Baba, leo umekaa juani, sogea kivulini." Na mimi nasogea. Huo ndio ulezi wenyewe.

Mazungumzo ya kwanza aliniuliza nani alinifundisha kazi. Nikamwambia habari zako saa nzima. Nilimwambia ulivyonikuta mhudumu wa kufagia hema, ukanikalisha kwenye kigoda, ukasema, "Usiniambie unachofikiri kipo. Niambie unachokiona." Nikamwambia ulivyokuwa unafuta lenzi kwa kitambaa laini kama unamfuta mtoto uso. Na kuhusu kila slaidi ya kumi kusomwa na mtu wa pili bila kujua wa kwanza ameandika nini. Halafu nikamwambia lile nililolisema pia siku ya msiba wako, mbele ya padri na watu wote wa Kirushya: kwamba katika miaka yote ya kambi, safu yako na safu yangu hazikuwahi kutofautiana hata mara moja.

Msibani watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mama Skolastika alinishika mkono. Editha naye akasema, "Baba, natamani nipate mwalimu kama huyo."

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita aliingia hewani akiwa mnyonge, bila hata kunitania kwa sababu ya kofia yangu. Akasema kuna jambo linamsumbua. Mkuu wake wa maabara ni mzee wa watu, mpole, karibu astaafu, na ndiye aliyemuombea nafasi ile. Editha ndiye msomaji wa pili wa slaidi za huyo mzee. Mwezi huu majibu yao yametofautiana mara nne. Mara zote nne mzee ameandika hakuna vimelea vya malaria, na yeye ameviona.

Akaniuliza, "Baba, niandike nilichoona, au nimstahi? Nikiandika, wataona ameshindwa kazi. Nikimfuata yeye, hakuna atakayejua. Wewe ungefanyaje?"

Mwalimu, nilimtazama yule mtoto kwenye kioo. Nikasema, "Editha, haloo? Haloo? Mtandao unakata." Mtandao haukuwa unakata. Nilizima mwenyewe.

Nilishuka kilima nikiwa nimekasirika, sijui kwa nani. Usiku huo nilifungua pale pa kuomba kupangiwa mwenzi mwingine. Nikajaza. Hawaulizi sababu, si nilikuambia? Ilibaki kubonyeza tu. Mpaka leo sijabonyeza, na sijafuta. Editha ametuma ujumbe mara tatu. Wa mwisho unasema, "Baba, nakusubiri Jumamosi. Sijaandika kitu bado." Jumamosi ni keshokutwa, na daftari lake lina nafasi nne tupu.

Nimeona siwezi kumwambia yeye kabla yako.

Nakuaga hapa hapa, Mwalimu, katikati ya barua, kwa sababu nikimaliza ya huko chini sitakuwa na maneno mengine. Pumzika. Kesho asubuhi nitakuja Kirushya, nitamwambia Mama Skolastika kwamba nilichosema msibani hakikuwa kweli, na kama atanifukuza pamoja na yule kuku nitaondoka bila kubisha. Jumamosi nitapanda kilima. Nitamwambia Editha aandike alichoona, zote nne, halafu aende kwa yule mzee wake, si kwa mkubwa mwingine yeyote, kwa yeye mwenyewe, amwamkie, amwoneshe, na ampeleke kupimwa macho wiki hiyo hiyo. Nitamwambia na sababu. Naahidi. Na ile fomu nitaifuta.

Sasa lenyewe.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa kambi. Unalikumbuka hema, meza karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, na foleni inayozunguka mpaka kwenye matangi ya maji. Wewe unasoma, unaandika, unafunika safu yako kwa kipande cha boksi la dawa, unabana. Slaidi ya kumi inakuja kwangu. Siku moja ya masika, watu wamejaa, wamelowa, watoto wanalia, nikaona slaidi ya kumi inanichelewesha. Nikainua kile kipande kwa kucha, nikachungulia, nikaandika kama ulivyoandika. Nikajiambia ni kwa leo tu. Hujawahi kukosea, kwa nini nipoteze dakika kumi kuthibitisha kwamba jua ni jua? Kiangazi kilipofika nilikuwa sisomi slaidi ya kumi hata moja. Nilikuwa nafunua na kunakili.

Kwa hiyo ni kweli safu hazikutofautiana. Hazingeweza.

Halafu akaja mama mmoja wa Kinyarwanda na binti yake mgongoni, wa kama miaka mitatu. Daktari wa zamu alikuwa amemrudisha kwetu: majibu yanasema hakuna, mtoto anaungua. Wewe ulikuwa umekwenda kunywa chai. Nikaitoa slaidi kwenye kisanduku, nikaiweka kwenye hadubini, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa nikasoma kweli. Vilikuwepo, Mwalimu. Katikati ya duara hapakuwa na kitu, ila ukitazama pembeni vipete, vile vimelea vyenye umbo la pete, vilikuwa vimejaa. Nikamwandikia daktari. Mtoto alipata dawa, akapona. Nilimwona baadaye akikimbiza tairi. Halafu nikafunua safu yako, nikachukua kalamu yako, nikageuza neno lako kwa mwandiko wako. Mwandiko wako niliuweza. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika namba zisomeke.

Kuanzia siku hiyo nilisoma kila slaidi yako kwa siri, ukienda chai, ukienda misa. Kila nilipokuta umeruka kitu, nikakirekebisha. Vyote ulivyoruka vilikuwa vya pembeni. Nikaona pia unavyojikwaa kwenye kamba za mahema, na nikakutania mbele ya watu kwamba ni pombe: "Mwalimu, punguza rubisi." Ukacheka na sisi.

Miaka yote nimejiambia nilikaa kimya kwa heshima, kwamba kijana hamwambii mzee wake macho yako yamekwisha. Heshima ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa woga. Ningekuambia umekosea, ungefungua daftari, ungehesabu nyuma, ungeniuliza, "Na hizi za kumi, Gervas, ulizisoma?" Na kati ya masika yale na siku ya yule binti, hakuna aliyesoma baada yako. Wangapi walitoka kwenye lile hema na jibu la hakuna, likiwa na saini mbili chini yake, sijui. Hilo sina pa kulirekebisha.

Kambi ilipofungwa ndipo nikakusindikiza Biharamulo, alipokuja daktari wa macho. Ulivaa koti lako la kanisani. Tulishuka kwenye basi, nikakushika kiwiko, ukaniambia nisikushike kama bibi harusi. Daktari alikutazama kwa muda mrefu, akazima kurunzi yake, akasema ni presha ya macho, ambayo huanza kula uwezo wa kuona pembeni, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Akasema, "Mzee, hii ilianza zamani. Ungekuja mapema tungeokoa kilichokuwepo. Hukuona dalili yoyote?"

Wewe ukatabasamu. Ukasema, "Haiwezekani, daktari. Mimi macho yangu yalikuwa yanapimwa kila siku. Nina msomaji wa pili." Ukanyoosha mkono kutafuta goti langu, ukalikosa kidogo, ukalipata, ukaweka kiganja juu yake.

Daktari akanigeukia. Na mimi nikasema, "Ndiyo, daktari. Safu zetu zilikuwa sawasawa."