Jina la Zaid Miguuni pa Mama

Zaid ameandika jina lake kwenye mchoro wangu, Kahindi.

Ule wa nyumba ya marehemu mama kule Jilore, yeye ameketi mlangoni na shamba la mihogo nyuma. Nilimpelekea autie fremu tu! Wajua jina langu huliandika kwenye kizingiti cha mlango. Amelipaka rangi, akaandika lake juu, pale pale miguuni pa mama.

Naingia dukani kwake, namkuta amwambia mteja, "Picha hii nimeichora mwenyewe, dada."

Nikamuuliza, "Na huyo aliyeketi mlangoni ni nani?"

"Bibi tu."

Bibi tu! Mama yangu, Kahindi. Bibi tu!

Nikachukua tambara lake na tapentaini yake ya kutolea rangi, nikalifuta jina lake mteja akiona. "Karisa, tusiaibishane," ati. Nikazidi kusugua. Jasho lilivyomtoka niliona raha, sikudanganyi.

Mteja kaondoka akimsonya. Zaid hana pa kuuficha uso.

Ila mkono wangu haukujua kusimama. Jina lake limetoka, langu limetoka, na mama ametoka mpaka kifuani. Nyumba yenyewe ilishaanguka kwa mvua. Na picha nyingine ya mama hatuna.