Tarehe Thelathini na Moja

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo, na kile kikohozi kimekuachia. Huku sote wazima, ila mama analalamika kwamba umeadimika mno. Mimi bado ni yule uliyembandika jina la Kwanini, kwa maswali yasiyokwisha.

Unajua kwamba nilipewa meza yako ofisini, ile yenye mguu uliotegeshwa kwa karatasi. Tangu siku ya kwanza nilijiuliza: dada yangu, anayehesabu vijiko kila akimaliza kuosha vyombo, alikoseaje programu ya kompyuta ya zahanati? Wagonjwa walipangiwa tarehe za kurudi zilizochelewa, dawa zikawaishia nyumbani, nawe ukafukuzwa kazi. Bosi aliniambia nisifukue makaburi. Nikafukua.

Mistari ya programu uliyoandika niliisoma wiki nzima, nisione kosa. Nikajiuliza tena, je, vile vifurushi vya programu za watu wengine tulivyoazima mtandaoni? Pale ofisini tunakagua tulichoandika wenyewe tu. Cha kuazima tunakiamini, maana kila mtu anakitumia. Nikafungua kimoja, nikakuta kinategemea kingine, nacho kinategemea kingine. Raha iliyoje, dada! Hata chai nilisahau. Mwisho kabisa nikafikia kifurushi kidogo, mistari thelathini tu, kazi yake kuongeza mwezi mmoja kwenye tarehe. Nikakipa Januari thelathini na moja. Kikanirudishia Machi tatu. Februari nzima kimeiruka.

Niliruka kwa furaha. Kisha nikatafuta jina la mwandishi nimpe vidonge vyake.

Limeandikwa Kwanini.

Dada, ni mimi. Nilikiandika nikiwa mwanafunzi, nikakiweka mtandaoni, nikakisahau. Nilikijaribu mara moja tu, kwa siku yako ya kuzaliwa, tarehe kumi na nne, kikajibu sawasawa. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku uliyofukuzwa mimi ndiye niliyekufuta machozi. Naona aibu mpaka kula kunanishinda.

Kifurushi nimekirekebisha. Bosi nimemweleza yote mbele ya wenzetu. Akaomba namba yako. Akipiga, tafadhali pokea.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisamehe, ukiweza. Vitu vyangu nimeviondoa kwenye meza yako.

Mdogo wako akupendaye,
Kwanini