Jalala la Mlangoni

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Mwamapalala tu wazima, pamba imeanza kupasuka, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeniuliza jalala liwekwe wapi huko Dar es Salaam, maana kila mtaa unalisukumia kwa mwenzake. Nimemkumbuka marehemu babu yako. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu alipochimba shimo la taka mbele ya nyumba, pale pale wageni wanapopita. Mama yake akafoka, "Watu watatuonaje?" Babu yako akacheka: "Watatuona tulivyo."

Weee, aibu ilitufundisha kazi! Maganda tukawapa mbuzi, majivu tukamwaga chooni. Shimoni zikawa zinabaki taka kidogo tu. Mvua ziliponyesha, maboga yakaota humo yenyewe, na wageni wakawa wanaondoka na boga kwapani. Utamu wake ninao mdomoni mpaka leo.

Sasa kaka zako wamelifukia shimo lile. Wamechimba jingine nyuma ya zizi, lisionekane. Jana nimekwenda kulitazama, limejaa mifuko na chupa. Nikauliza ni za nani. Kila mmoja akamwangalia mwenzake.

Bibi yako,
Minza