Kiapo cha mukono wa kushoto

Emerance!! Niko natoka tribinali sasa hivi, kwenye ile kesi nilishitaki kliniki. Nacheka peke yangu barabarani, watu wananiangalia.

Unajua bega yangu, tangu ile sindano yao ya chanjo mukono wa kuume haupandi. Basi zuzi, mwenye kukata kesi, akaniambia: "Mama Safia, inua mukono wa kuume, uape."

Nikainua wa kushoto!

Avoka, mutetezi wa kliniki, akaruka: "Hapana! Mukono wa kushoto njo wa chooni! Hapa Kindu nani anaapaka na ule? Ainue wa kuume!"

Eti ainue wa kuume! Yeye, Eme! Yeye mwenye alisema asubuhi kama bega yangu iko muzima!

Nikajaribu. Mukono ukafika kifuani tu, nikapiga kelele: "Mama weee!" Hata wakati wa vita sikulia vile. Baba mukwe mwenye alinisindikiza, Alhaji muzima, akaziba masikio.

Na avoka bado: "Juu zaidi!"

Zuzi akavua miwani, akamwambia avoka: "Metre, ikala chini. Ushahidi wako umetosha."

Watanilipa, Eme! WATANILIPA!

Ule avoka nitamupikia pilau. Nitamupa sahani na mukono wa kushoto, sina mwingine.