Mtandao Umefika Hadi Dirisha Langu la Maandazi

Dada Yueh-o,

Mwanetu Pei-shan ameshinda. Chuo kizima, majengo sitini na moja, kinapata intaneti bila waya, na aliyepanga yote ni yeye, huyu huyu uliyekuwa ukimwogesha kwenye karai. Tangu juzi ndiye mkuu wa mtandao. Mkuu, dada, si msaidizi.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Goti linaendeleaje na mvua zenu za Hualien? Shemeji ameacha sigara, au bado anajificha nyuma ya banda la bata? Sisi wazima, ila baba Pei amekonda kidogo, maana wiki mbili hizi nimekuwa nikisahau kumpikia.

Nikueleze basi. Likizo nzima ya kiangazi mwanangu alisukuma kitoroli chenye kompyuta, chumba hadi chumba, akipima mawimbi yanafika wapi na ukuta gani unayameza. Akachora ramani, kijani pazuri, nyekundu pabaya. Kisha mafundi wakafunga visanduku vya kurushia mawimbi, elfu tatu na mia nne, kwenye dari. Injinia Kuo, mwenzake, alikuwa akimtania, eti Dada Shan, vibanda vyote hivi, unafuga njiwa?

Lakini Mkuu Fang, bosi wao, hakuwa na utani. Alisema mtihani ni asubuhi ya kuchagua masomo, saa tatu kamili, wanafunzi wapya mia nane wakiwa kwenye bwalo la chakula, kila mmoja na simu yake, wote wakigombea nafasi kwa dakika moja. Mtandao ukikwama hapo, kazi inapewa kampuni ya nje na Pei-shan anarudi kutengeneza mashine za kuchapia. Unajua bwalo lenyewe ndimo ninamouzia maandazi ya mvuke miaka kumi na tisa sasa.

Siku mbili kabla, wakapima. Bwalo lote kijani, isipokuwa upande wa dirisha langu, nyekundu kama pilipili. Pei-shan akaongeza nguvu kutoka ofisini, wapi. Kuo akaweka juu ya kabati la mitambo pakiti ya kijani ya vitafunio, ile wanayowekea mashine ili ziwe na adabu, na akahakikisha tarehe yake haijapita. Wapi. Mwanangu alikuja kunywa supu akaiacha imepoa, akasema kisanduku namba saba kinaongea kama kimefungiwa ndani ya sufuria.

Ndipo akapanda ngazi mwenyewe, akachungulia nyuma ya bomba la kutolea moshi. Mjinga mmoja alikuwa amekifunika kwa mfuniko wa alumini, akaufunga kwa kamba vizuri kabisa.

Mkuu Fang akawaka. Akasema anataka jina, na mtu huyo atoke jikoni siku hiyo hiyo. Wapishi wote tukainamia vyungu vyetu. Pei-shan akashuka na mfuniko mkononi, akaugeuza mara moja, akasema polepole, "Mkuu, ukitaka jina andika langu. Nimemwekea kila mtu kisanduku juu ya kichwa, na sikumwambia hata mmoja kwamba hakifunikwi."

Akapata kibali cha siku moja. Yeye na Kuo wakazunguka chuo chote wakiongea na wapishi, walinzi na wafagiaji. Wakakuta vingine kumi na kimoja vimefunikwa! Mlinzi wa lango la mashariki alikivisha chake kofia ya mvua. Mkutubi alikiwekea kalenda ya bati kwa sababu taa yake ilimchoma macho. Sasa imeandikwa kwenye mpango kwamba fundi hafungi kisanduku kabla hajaongea na anayefanya kazi chini yake.

Asubuhi ile, saa tatu, nilisimama dirishani. Mia nane wakabonyeza. Bwalo zima likapiga kelele ya furaha. Hakuna hata mmoja aliyekwama. Mkuu Fang akaja kwangu, akanunua maandazi sita, akaniambia nimezaa kichwa.

Dada, sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata baba Pei. Yule mjinga ni mimi. Nilikiona kitu cha mwanangu kinadondokewa na matone ya mvuke, nikakihurumia, nikapanda kwenye stuli nikakifunika. Mfuniko una uzi wangu mwekundu kwenye kishikio, na Pei-shan aliutambua pale pale. Hajanitajia mpaka leo. Jioni ile aliniomba tu maandazi ya ufuta.

Siwezi kumwachia abebe kosa langu. Nimemwalika Mkuu Fang nyumbani, na nitamwambia mbele ya ukoo mzima, iwe nitafukuzwa au la. Nisalimie wajukuu, mwambie shemeji alete mabalungi, na msikose hata mmoja.

Ni mimi mdogo wako, Hsiu-lien, ninayewangojea nyote Ijumaa, sikukuu ya mwezi mpevu, saa nane mchana.